Kigae cha Ayubu kilikuwa tailizi? Tujadili hili neno KIGAE

Kobe Mzee
Wakuu habari. Kuna ubishi umenichosha nimeona niulete huku. Kijana mmoja kasoma Ayubu 2:8, pale mzee wa watu ana majipu mwili mzima, ameketi majivuni, anatwaa kigae anajikuna nacho. Akaniuliza, kwani enzi za Ayubu kulikuwa na tailizi? Nikamwambia kigae pale ni kipande cha chungu kilichovunjika, akagoma kabisa, anasema kigae ni kile cha kuezekea au cha kutandika sakafuni, kizima, kimenyooka, kinakuja kwenye boksi. Sasa mi hoja yangu, jina la kitu kilichovunjika limekuwaje likahamia kwa kitu kipya cha kiwandani? Na huko mliko kuna mtu bado anasema kigae akimaanisha kipande cha chungu, au ndo nimebaki peke yangu?

fundi_level
Mkuu saiti hakuna anayesema kigae kwa ya chini. Ya chini ni tailizi, fundi ni fundi tailizi, basi. Kigae ukinitajia naangalia juu paani. Hayo ya vyungu nayasikia kwako.

Binti Mrima
Fundi hapo juu umesahau marumaru. Kwenye taarifa ya habari jengo likizinduliwa utasikia "limewekwa marumaru", ukifika unakuta tailizi za kawaida tu za kuchomwa. Marumaru ni jiwe jamani, linachimbwa, linakatwa, linang'arishwa. Ila kwa habari ya uzi, kwetu pwani kigae cha chungu kipo sana tu. Bibi yangu alikuwa anakiita kigai, na alikuwa na kimoja cha kufukizia udi tangu chetezo kivunjike, ukimletea chetezo kipya anashukuru anakiweka kabatini.

Nyati Mpole
Kwani majipu unayakuna na tailizi yanapona? Nauliza tu kwa niaba ya rafiki.

Mwl. Chaki Nyeupe
Kobe Mzee uko sahihi na kijana naye hajakosea sana, kamusi zinaweka maana zote mbili. Ila mzizi ni GAE. Gae ni pande kubwa la chungu au mtungi uliovunjika, wingi magae. Kigae ni dogo lake, kama vile kapu na kikapu. Biblia ya Union ya 1952 inatumia yote mawili kwa maana hiyo ya kuvunjika, angalia Zaburi 22:15, anayeomba anasema nguvu zake zimekauka kama gae. Na nzuri kuliko zote ni Isaya 30:14, pale chombo cha mfinyanzi kinavunjwa vibaya kiasi kwamba hakibaki hata kigae cha kutosha kutwaa moto jikoni wala kuteka maji kisimani. Msomaji wa miaka hiyo hakuhitaji maelezo, moto wa kuazima kwa jirani ulikuwa unabebwa hivyo hivyo.

Binti Mrima
Mwalimu umenikumbusha. Ulikuwa unatumwa ukachukue kaa la moto kwa jirani, unapewa kigae kilichojipinda, unatia jivu kidogo chini ndo unaweka makaa juu, usipotia jivu vidole vinakwambia ukweli kabla hujafika nyumbani. Na mkate wa kumimina unapaliwa makaa juu kwa gae. Siku hizi bati au mfuniko wa sufuria.

254 Kibanzi
Salamu kutoka upande wa pili wa mpaka. Huku mafundi wengi paa la udongo wanaliita mangalore, "hii nyumba ni ya mangalore", na wengine hawajui kama hilo ni jina la mji India. Kigae ni neno la kitabuni, la insha. Sakafuni ni tiles, tukijaribu Kiswahili tunasema matailisi na mwalimu anakata maksi.

fundi_level
Kibanzi wewe na jina lako, huko kwenu kibanzi si chipsi?

254 Kibanzi
Vibanzi ndiyo chipsi, na kibanzi kingine ndicho kile cha kwenye jicho la ndugu yako kwenye Mathayo 7. Wewe endelea kubeba boriti yako pole pole.

Mjukuu wa Mfinyanzi
Naona watu wanashangaa bure. Jibu la Kobe Mzee ni udongo. Kigae cha paa kilipokuja kilikuwa udongo uliofinyangwa ukachomwa kwenye tanuri, rangi ileile ya chungu, ukikigonga kinalia kama chungu, kikianguka kinavunjika kama chungu. Mtu wa kwanza kukiona aliona kipande cha chungu kisicho na chungu chake. Angekiitaje kingine?

Mwl. Chaki Nyeupe
Hoja nzuri ila ongeza na umbo. Vile vya zamani vya paa vingi vilikuwa vimejipinda, nusu mfereji, unalaza kimoja chali kingine kifudifudi. Ukikata ubavu wa mtungi unapata kitu hichohicho. Kwangu umbo lina nguvu kuliko udongo, maana tofali nalo ni udongo wa kuchoma na hakuna aliyeliita kigae.

Mjukuu wa Mfinyanzi
Tofali ni nene mwalimu. Chungu gani kina ukuta wa unene ule, cha kupikia tembo?

Pweza wa Mkondoni
Wote mnazunguka mbuyu. Gae linatokana na kugawa. Chungu kimegawanyika, kila mgao ni gae. Tailizi nazo ni sakafu iliyogawanywa. Uzi ufungwe.

Kobe Mzee
Pweza hiyo w umeipeleka wapi? Kugawa ingetoa mgawo, mgao, magawio. Gae limetokea mlango gani?

Nyati Mpole
Mi nadhani limetokana na kugaagaa. Chungu kinagaagaa chini kinavunjika. Mgaagaa na upwa hali wali mkavu, mgaagaa na chungu hali kabisa.

Mwl. Chaki Nyeupe
Nyati toka darasani.

Ssebo wa Ziwani
Niongeze kitu wakuu. Kwenye Kiganda kipande cha chungu ni luggyo, Kinyarwanda ni urujyo, hayo yanafanana kabisa unaona ni ndugu. Gae la Kiswahili halifanani nayo. Kwa hiyo kabla ya kusema limetoka kwenye kugawa tuulize kwanza Wamijikenda, Wazaramo na Wakomoro wanasemaje, ndo majirani wa lugha, sio sisi wa ziwani.

Binti Mrima
Ssebo shukran, hilo ndo swali la maana tangu uzi uanze. Mzaramo yeyote humu apite.

Koleo na Brashi
Wakuu nimechelewa, lakini huu ndo mkate wangu. Nimesomea malikale, na kwa sisi kigae hakijawahi kuwa tailizi hata siku moja. Ukichimba eneo lolote la pwani, vitu vingi utakavyotoa ni vigae. Mbao imeoza, nguo imeoza, chuma kimeliwa na kutu, kigae kipo vilevile, kina alama ya vidole vya aliyekifinyanga. Na sio vyote vina thamani sawa. Kipande cha tumboni kinakuambia kidogo, cha mdomoni kinakuambia mengi: unakilaza kwenye karatasi iliyochorwa miduara, unatafuta duara linalolingana na ukingo wake, hapo unajua mdomo wa chungu ulikuwa na upana gani hata kama umeshika kipande cha vidole viwili tu. Ukiongeza na michoro ya shingoni, zile pembetatu za kuchora kwa kijiti, unajua uko kwenye tabaka la zamani kabla majumba ya mawe hayajajengwa.

Halafu kuna vya wageni. Kilwa Kisiwani, Gede, Shanga, miji ya kale ya pwani, kote kuna vigae vya Kichina, vya kijani na vile vyeupe vyenye bluu. Mwingereza Mortimer Wheeler, mtaalamu wa malikale, alipita pwani ya Tanganyika 1955 akasema hajawahi kuona vyombo vya Kichina vilivyovunjika kwa wingi namna ile, vya kuzoa kwa koleo. Na vinasaidia kwa sababu Wachina wanajua kila aina ya bakuli ilitengenezwa zama zipi, kwa hiyo ukikikuta chini ya sakafu ya msikiti unajua sakafu haikuwekwa kabla ya hapo. Angalia nguzo za makaburi ya Kunduchi na Kaole, yale mashimo ya duara yalikuwa ya mabakuli yaliyojengewa humo.

Nyati Mpole
Kumbe babu zetu walikuwa wanaagiza vyombo China kabla ya simu. Na vilikuwa vinafika vimevunjika vilevile.

Pweza wa Mkondoni
Koleo na Brashi nina kimoja cheupe chenye ua la bluu nilikiokota ufukweni kwenye magofu fulani, nimekifanya kidani cha mke wangu. Kinaweza kuwa cha mwaka gani?

Koleo na Brashi
Mkuu kwanza kirudishe. Tanzania kuna Sheria ya Mambo ya Kale tangu 1964, na Kenya ina ya kwake, huruhusiwi kuokota ukaondoka nacho. Pili, ulipokitoa pale umeshakiua. Thamani yake ilikuwa tabaka kilimolala na vilivyokuwa pembeni yake. Shingoni kwa shemeji ni ua la bluu tu.

Pweza wa Mkondoni
Kilikuwa kimeletwa na maji, tabaka gani tena, la samaki?

254 Kibanzi
Gede imeingia orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO 2024, Pweza usiende huko na mifuko mikubwa.

Kobe Mzee
Turudi njiani jamani. Koleo umeandika vizuri ila Pweza ametaja magofu, na hapo nina lingine. Gofu, kifusi, kigae, mabaki, masalia, yote ni ya vitu vilivyokufa. Tofauti ni nini mtu akiuliza?

fundi_level
Hapa sasa ndo mmenikuta nyumbani. Kifusi ni ukuta ulioshuka, mawe, plasta, udongo, vyote kwa pamoja, hakihesabiki, unahesabu tripu. Na huwa hakitupwi, kinakwenda kufusia msingi wa mwingine. Ndo maana unaona kibao kiwanjani "kifusi kinahitajika". Hakuna atakayeandika "magofu yanahitajika".

Binti Mrima
Na gofu linasimama. Kuta zipo, paa hakuna, mti umeota sebuleni. Likishalala chini limekuwa kifusi. Halafu kuna mahame, hapo si lazima kitu kivunjike, watu wamehama tu.

Nyati Mpole
Gofu pia ni mtu aliyekonda mpaka mifupa inasoma gazeti. Na gofu pia ni mpira wa matajiri. Fikiria mtalii anaulizwa unataka kupelekwa gofu gani.

Mwl. Chaki Nyeupe
Kigae kinahesabika, na lazima kitoke kwenye chombo: chungu, mtungi, sahani, chupa. Vile vya chupa vinavyopandwa juu ya ukuta wa uzio ni vigae vya chupa. Kikizidi kuwa kidogo mpaka unakitafuta kwa tochi usijikate, hicho ni kigereng'enza. Kwa hiyo gae, kigae, vigereng'enza, ngazi tatu. Huwezi kusema kigae cha ukuta ukimaanisha ukuta uliovunjika.

fundi_level
Mwalimu kigae cha ukuta kipo dukani, kinabandikwa bafuni.

Mwl. Chaki Nyeupe
Ndio maana nikasema ukimaanisha uliovunjika. Soma mpaka mwisho fundi.

Jiwe la Geita
Huku kanda ya ziwa kuna neno lenu mmelisahau, magwangala. Ni mawe ya mabaki yanayotupwa na mgodi mkubwa, wachimbaji wadogo wanayagombania maana huwa yamebaki na dhahabu kidogo. Ni vunjikavunjika pia, lakini ukimwambia mtu vigae atadhani unajenga.

Tausi wa Roshani
Asanteni kwa somo. Nimesoma sehemu kuwa Wagiriki wa Athens walikuwa wanapiga kura kwa vigae, kweli au hadithi?

Koleo na Brashi
Kweli kabisa. Karne ya 5 kabla ya Kristo. Unakwaruza jina la mwanasiasa unayemhofia kwenye kigae unakitia kwenye fungu, akizidi anaondoka mjini miaka 10, mali yake haiguswi. Lazima zipatikane kura 6,000. Karatasi hawakuwa nayo, papairasi ya Misri ilikuwa ghali, vigae vimejaa kila jalala.

Ssebo wa Ziwani
Koleo hizo 6,000 ni za wote waliopiga au za huyo mmoja anayefukuzwa? Nimeona wanaandika yote mawili.

Koleo na Brashi
Waandishi wa kale wenyewe hawakubaliani, mmoja anasema jumla, mwingine anasema dhidi ya mtu mmoja. Wengi siku hizi wanashika jumla. Ila utamu uko hapa, kwenye kisima kimoja pale Athens walikuta vigae kama 190 vyote vina jina la Themistocles, mwanasiasa mkubwa wa hapo, na miandiko ilikuwa ya watu 14 tu.

Nyati Mpole
Yaani watu 14 wamekaa chini wanawaandikia wananchi kura. Halafu mnasema wizi umeanza juzi.

254 Kibanzi
Si lazima uwe wizi, labda walikuwa wanawaandikia wasiojua kuandika. Kama makarani.

Nyati Mpole
Na wote wasiojua kuandika wakawa wanamchukia mtu mmoja. Sawa karani.

Mjukuu wa Mfinyanzi
Mmekimbilia Ugiriki mmeacha mfinyanzi hapahapa. Kuna kazi ya kigae hamjaigusa na ndo kubwa kuliko zote. Chungu kikivunjika mfinyanzi hatupi. Anavitwanga vile vigae mpaka viwe kama chenga za mahindi, anachekecha, anachanganya na udongo mbichi. Sababu ni kwamba udongo mtupu ukikauka unasinyaa, na ukiuweka motoni maji yaliyobaki ndani yanakuwa mvuke, yakikosa pa kutokea chungu kinapasuka kwa kishindo. Chenga za kigae zilishachomwa, hazisinyai tena, zinauachia udongo vinjia vya mvuke kutoka. Ukivunja chungu kizuri ukaangalia ukingo wake utaziona, vidoa vyekundu ndani ya udongo mweusi. Kwa hiyo ndani ya chungu kizima mna vigae. Halafu kigae chenye ukingo laini ndicho anachokwangulia chungu kibichi tumboni kukipunguza unene. Na siku ya kuchoma, magae makubwa yanafunikwa juu ya vyungu moto usivipige upepo moja kwa moja.

Ndo maana nasema kwa mfinyanzi kigae hakikuwa uchafu kamwe, kilikuwa mali. Mtu wa namna hiyo akiona kigae cha paa haoni ajabu yoyote, ni kigae kimepata kazi.

Kobe Mzee
Hii post ingekuwa ya kwanza. Lakini bado hujanijibu mfinyanzi, nani ALIANZA kukiita cha paa kigae, mfinyanzi au fundi au mwenye kamusi?

Binti Mrima
Mi nahisi bandarini. Vigae vya Mangalore vilikuja kwa meli kutoka India, wamisionari wa Basel walifungua kiwanda chao huko 1865, na majengo ya zamani ya pwani ukipanda darini unakuta vimegongwa jina la mji nyuma. Meli inatikisika, vingi vinavunjika njiani. Hamali anapakua magunia ya vipande. Anasema hivi ni vigae, na vizima navyo vikafuata jina.

Ssebo wa Ziwani
Hiyo nzuri kuisikia ila ni hadithi ya kubuni dada, kuna mtu kaiandika?

Binti Mrima
Nimesema nahisi. Na wewe leta yako.

Mwl. Chaki Nyeupe
Mi nadhani ni darasani na ofisini, wakati wa kusanifisha lugha. Vitu vipya vilihitaji majina vitabuni, wakachukua neno lililopo wakalitanua. Ushahidi ni ule wa Kibanzi, watu wa saiti hawalitumii, linaishi kwenye insha na zabuni.

fundi_level
Si kweli mwalimu. Paani tunalitumia kila siku. Tena sasa hivi kuna bati la migongo ya vigae, ni bati tupu, chuma, limebonyezwa lifanane na vigae. Wateja wanalipenda kwa sababu vya udongo ni vizito, kenchi lazima ziwe za maana, bati unaweka kenchi za kawaida. Wanaliita "vigae" hivohivo.

Jiwe la Geita
Kwa hiyo sasa kigae ni chuma. Udongo wa mfinyanzi umekwenda, umbo la mwalimu limebaki.

Mwl. Chaki Nyeupe
Asante sana Jiwe, wewe ndo umesoma.

Mjukuu wa Mfinyanzi
Umbo limebaki kwa sababu linaiga cha UDONGO. Bila cha udongo lingeiga nini?

Nyati Mpole
Na tailizi za sakafuni zimenyooka kama rula, hazina umbo la chungu wala rangi ya chungu. Hao wote wawili wanaanguka.

Tausi wa Roshani
Kuna na ule mchezo wa kuruka vyumba kwa mguu mmoja, mnachora chini, unarusha kigae kwenye chumba unakiruka. Jina lake kila mtaa na lake nisianzishe vita. Kigae kilikuwa lazima kiwe cha chungu kilichosuguliwa kingo, cha tailizi kinateleza kinapita mstari, ukileta cha tailizi wanakutoa.

Pweza wa Mkondoni
Sisi tulitumia ganda la ndizi.

Tausi wa Roshani
Ndo maana hamkushinda. Na kabla sijasahau, nina swali la maua, wanasema chini ya chungu cha ua uweke kigae juu ya tundu. Cha tailizi kinafaa?

Mjukuu wa Mfinyanzi
Cha chungu ni bora, kimejipinda. Kiweke mgongo juu kama kofia, maji yapite pembeni na udongo usizibe tundu. Cha tailizi kimenyooka, kikilala bapa juu ya tundu umeliziba wewe mwenyewe, maji yanatuama mizizi inaoza. Kama huna kingine, kivunje vipande vidogo, uvipange kwa kuvilaza mshazari, na kingo zake zisugue kwanza kwenye zege, zinakata kuliko chupa.

fundi_level
Kingo za tailizi tumia grinda.

Tausi wa Roshani
Grinda kwa ua moja? Nitasugua kwenye ngazi.